Bluu Nzito Imeisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza. Saizi tano, rangi tisa, vifungo au zipu — aina tisini za sweta moja ya mtoto. Mfumo unakubali mia, si zaidi. Kaka yangu akapiga simu kutoka ofisini kwake, anataka tuongeze na yenye kofia na isiyo na kofia. Nikamwambia zitakuwa mia na themanini, mfumo utagoma. Akasema niubembeleze. Huyu ndiye tunayemwita Bosi. Duka la mtandaoni lilikuwa wazo lake, na kazi yake imeishia kwenye wazo.

Sweta zote zinatoka kwenye mashine moja ya kufuma, chumba cha mbele, kwa mama yake — Mama Mkubwa wangu, dada wa mama, aliyenilea. Ndiye aliyenibatiza Kompyuta. Nilipomwonyesha orodha alicheka. Sweta tisini, na mikono yake ni ileile miwili.

Mchana nikapanga upya rafu ya nyuzi. Ilikuwa shaghalabaghala: nyeusi dirishani, rangi ya maziwa katikati, zambarau chini pembeni, hakuna mantiki. Sasa koni za nyuzi zimefuata alfabeti kama kwenye duka. Bluu nzito, damu ya mzee, kahawia, na kuendelea. Nimekata na viuzi vilivyoning'inia chini ya koni, vyenye mafundo-mafundo. Nimebandika lebo, herufi ndogo nadhifu. Mama Mkubwa alisimama mbele ya rafu kwa muda. Akasema: safi. Akaenda kuchemsha chai.

Alhamisi, 6 Machi

Oda nne. Kahawia, zipu, miaka miwili. Nyekundu mbili za vifungo. Maziwa, ya mtoto mchanga. Zamani mteja angeandika anataka rangi ya kiume lakini si sana, tukakaa nusu siku tukibishana. Sasa anabofya. Napenda watu wakibofya.

Jumanne, 11 Machi

Sweta moja imerudi. Mteja aliagiza bluu nzito ya shule, kaletewa nyeusi. Anauliza kama tunamtakia mwanawe msiba. Nimekagua oda, lebo, kifurushi. Sikukosea mimi. Mama Mkubwa aliishika, akaigeuza, akasema mteja huyo akapimwe macho. Tulicheka sote wawili. Nimeomba radhi kwa maneno niliyokariri.

Ijumaa, 14 Machi

Mbili zaidi. Ya kwanza, damu ya mzee iliyotoka kahawia. Hiyo ningeweza kuimeza. Ya pili niliiweka mezani karibu na dirisha, nikaiangalia mpaka chai ikapoa. Kiwiliwili bluu nzito. Mkono wa kulia bluu nzito. Mkono wa kushoto mweusi. Mishono imenyooka kama kawaida yake, vifungo sita vimekaa sawa. Aliifuma, akaiunga, akaipiga pasi na kuikunja yeye mwenyewe.

Kwa hiyo wa kupimwa macho si mteja.

Bosi alishasema mwaka jana: sweta zikianza kurudi, kazi anapewa fundi mwingine, mashine inahamishwa, mama apumzike. Kwa Mama Mkubwa kupumzika ni tusi. Ana miaka thelathini na moja kwenye kiti kile.

Nikafungua duka, nikaenda kwenye bluu nzito, nikaandika sifuri. Aina kumi zikafifia kwa pamoja: imeisha. Koni kumi na moja za bluu ziko kwenye rafu, nyuma ya mgongo wangu. Sweta ile nimeiweka kwenye droo yangu. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Damu ya mzee — imeisha. Zambarau — imeisha, kwa tahadhari tu. Zimebaki aina sitini. Nyeusi nimeiacha, anayeagiza nyeusi akaletewa bluu hajalalamika mpaka leo.

Bosi kauliza mbona rangi zinapungua. Nikasema nyuzi zimechelewa. Nimejishangaa nilivyosema vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Kijivu mbili tu. Mama Mkubwa akauliza oda nyingine. Hakuna. Akapangusa mashine ambayo haikuwa na vumbi.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi alikuwa anatia mashine mafuta. Bila kuinua kichwa akauliza vile viuzi vya chini ya koni, siku ile ya rafu, nilivitupa wapi. Nikasema kwenye taka. Akasema aa. Akaendelea na mafuta. Halafu:

— Vilikuwa na kazi.

Nyeusi fundo moja. Bluu nzito mawili. Kahawia matatu, damu ya mzee manne. Zambarau haikuwa na fundo, ila ilikaa pembeni kabisa, chini, mkono unaifikia bila kuuliza. Tangu mwaka juzi. Rangi za giza zote kwake zimekuwa moja, na asubuhi kuna ukungu mpaka saa nne. Hakuna aliyejua. Hakuna sweta iliyorudi, mpaka nilipokuja na alfabeti yangu.

Niliona aibu. Naiandika hivyo hivyo, aibu.

— Mbona hukuniambia, Mama Mkubwa?

— Ulikuwa umefurahi na lebo zako.

Kisha akauliza bluu nimeificha wapi. Wiki nzima, hakuna hata mzazi mmoja mwenye mtoto wa shule? Nikatoa sweta kwenye droo, nikampa. Akapapasa mkono wa kulia, akapapasa wa kushoto. Uzi ni wa kiwanda kimoja, unene mmoja; vidole visingeweza kumwambia kitu. Akauliza ni upi. Nikamgusisha wa kushoto. Akaukunja kwa ndani, taratibu, akanirudishia.

Bosi asijue, akasema. Nikataja daktari wa macho. Akasema mwezi ujao. Mwezi ujao, kwa Mama Mkubwa, ni mahali pa mbali sana.

Ijumaa, 21 Machi

Tumerudisha rafu kama ilivyokuwa. Mimi nataja rangi, yeye anafunga fundo. Jioni umeme ukakatika zikiwa zimebaki koni chache, za giza. Tukamalizia kwa mwanga uliobaki dirishani. Nilikuwa na njaa, nikataja haraka haraka. Bluu, bluu, nyeusi, bluu. Alikuwa anapiga mluzi. Muda mrefu sijamsikia akipiga mluzi.

Nimerudisha aina zote tisini.

Jumatatu, 24 Machi

Oda kabla hata ya chai. Bluu nzito, vifungo, miaka sita, mbili — za mapacha, wanaanza shule keshokutwa.

Na Bosi kaja bila taarifa. Amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Ana likizo ya siku moja, anasema, anataka kuona kazi inavyokwenda. Nyuzi naona zimefika, anasema. Halafu kasema ameongea na fundi mmoja mwenye mashine nne. Ameongea naye tu. Amesema hivyo huku anamtabasamia mama yake.

Mama Mkubwa ameinuka. Ameenda kwenye rafu, ameingiza vidole chini ya koni ya kwanza, ya pili. Mafundo mawili. Ameupitisha uzi, mashine imeanza. Bosi kasoma karatasi ya oda, katazama mashine, kasema bluu hiyo imetulia.

Mimi nimekaa dirishani, jua linaingia vizuri. Ni nyeusi. Fundo alifunga yeye, lakini rangi niliitaja mimi.

Nikisema badilisha koni, Bosi atauliza kwa nini, na leo amekuja na maswali. Nisiposema, mapacha watapelekewa nyeusi, zitarudi, na atauliza vilevile. Naandika huku mashine inakwenda. Safu ya kumi. Ya kumi na mbili. Bosi anaangalia simu yake.

Mashine imesimama. Mama Mkubwa ameshika uzi kati ya vidole viwili, kageuza uso upande wangu. Hajawahi kuniuliza jambo la uzi mbele ya mtu.

— Kompyuta, niendelee?

Nimemwambia asubiri, nimalize kuandika hapa.