Hilary Tapscott, wa Kiti cha Nyuma

Mwaka umetimia leo, Hilary, tangu asubuhi ile ya Mei ulipotutoka, ukiwa umelala upande wako wa dirishani, na chai niliyokuletea ikiwa bado ya moto.

Binti yetu Bridget alitaka tangazo hili liwe fupi: jina, tarehe, na picha yako ya siku ya harusi yake. Nimemwambia nina neno la kusema. Kuna utani niliokutania hadharani miaka thelathini na minne, na mara ya mwisho nilikukosea. Kwa kuwa bonde zima linasoma jarida hili la parokia, nataka wote wanisikie nikikuomba radhi.

Ulikuwa mpishi wa shule ya Nether Combe kwa miaka ishirini na sita. Watoto uliowapikia sasa wana ndevu, na bado wananisimamisha kuniuliza ulikuwa unatia nini kwenye mchuzi ule wa nyama. Sijui. Sikuwahi kuuliza, nilikuwa nakula tu.

Jumapili ulikuwa wangu. Tulikuwa na baiskeli yetu ya kijani ya watu wawili, kila mmoja na pedali zake, mimi mbele na usukani na breki, wewe nyuma na ramani, mikate ya jibini na maneno. Kazi yangu ilikuwa kutaja yanayokuja: "Shimo!" "Kona!" "Nabadili gia!" Yako ilikuwa kutoa mkono tukikata kulia, na kuwasalimia kondoo wote wa njiani. Tukimkuta mtu ana pancha, lazima tusimame. Wewe unaziba, mimi nashika pampu. Kijana mmoja pale Stoke Pardon alikuambia, "Mama, acha tu, utachafuka." Ukamjibu, "Mwanangu, nilianza kuchafuka kabla hujazaliwa. Lete gurudumu hapa."

Jambo moja nimeligundua ulipokwisha kuondoka. Barabarani sikuwahi kuuona uso wako. Nilijua upo kwa uzito wako na kwa sauti yako.

Watu wetu wa huku wana utani mmoja tu kuhusu baiskeli ya watu wawili. "Bwana we, huyo wa nyuma hakanyagi!" Atausema aliyesimama mlangoni mwa baa, atausema anayefyeka makaburini, atausema aliye juu ya ngazi akipaka rangi dirisha, na kila mmoja anadhani ameubuni yeye. Siku moja tuliusikia mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Majibu hayakukuishia. "Baiskeli ni yangu, huyu nimemwajiri!" "Nilikanyaga jana, leo zamu yake!" Nilicheka kila mara. Haikupita muda na mimi nikawa nausema, nikigeuza shingo tukipanda mlima.

Aprili ya mwaka jana tulipanda mlima wa Hackett. Vichaka vya miiba vilikuwa vimechanua, vyeupe pande zote mbili za njia. Baiskeli ilikuwa nzito kama tumebeba jiko. Pale kwenye ukuta wa kanisa walikuwa wamekaa wanaume watatu, nami nikasema kwa sauti, wasikie: "Hilary, leo watu wanasema kweli. Hukanyagi!"

Walicheka. Nikacheka nao.

"Nakanyaga," ukasema. Hukuongeza neno, wewe uliyekuwa na jibu la kila baa kutoka hapa hadi baharini. Tulipofika juu ulichelewa kushuka. Ukasema kamba ya kiatu imelegea, ukainama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshafungua keki tuliyobeba.

Wiki tano baadaye hukuwepo. Daktari alisema moyo wako ulikuwa mgonjwa miezi mingi.

Mwaka huu nimeendesha peke yangu. Wenzetu wa klabu ya baiskeli ya Jumapili wananiambia ninunue baiskeli ya mtu mmoja. Sitaki. Gurudumu la nyuma linarukaruka kwa kukosa uzito, na bado nasema "Shimo!" kwa kiti kitupu. Lakini kinachoniumiza zaidi ni kimya. Watu wa vijijini wananijua, na wakiniona nakuja hivyo, wanatazama viatu vyao. Najua ni heshima. Ila nimewahi kupita vijiji tisa Jumapili moja bila mtu kulitaja jina lako, nikarudi nyumbani nikala mayai nimesimama jikoni. Nina upweke, Hilary. Sijui kuusema kwa namna nyingine.

Februari kijana mmoja mgeni, wa mjini, mwenye nguo za kubana, alinipita kwa baiskeli na wenzake karibu na daraja la Stoke Pardon akapiga kelele, "Mzee! Umemwangusha wa nyuma!"

Nikasimama. Aliponiona usoni akarudi, mwekundu hadi masikioni. "Samahani, mzee wangu. Sikujua."

"Usiniombe samahani," nikamwambia. "Wewe ndiye wa kwanza kumuulizia tangu Krismasi."

Tulikaa kwenye ukingo wa daraja nikamsimulia habari zako mpaka wenzake wakamwacha.

Jioni ile nilimpigia simu Bridget, nikamweleza ya mlima wa Hackett, ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

"Baba, Mama alikuwa anajua. Daktari alimwambia tangu Januari ya mwaka jana."

"Mbona hakuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Baba yako akijua, baiskeli ataifungia bandani, mimi anikalishe sebuleni na blanketi magotini. Nitakufa kwa kuchoshwa kabla moyo haujaniua.'"

Nilimnunia Bridget siku nne. Wewe nilikukasirikia zaidi, na ukimkasirikia mtu ambaye hayupo, huna pa kuipeleka hasira yako. Kisha nikakubali. Kweli ningeifungia. Na blanketi ningelileta, ungekataa ningekufunika kwa nguvu. Ulinijua, mke wangu, ukauchagua mlima.

Basi nisikieni, watu wa Nether Combe na wa Stoke Pardon, na nyinyi watatu mliokuwa ukutani. Mwanamke huyu aliupanda mlima wa Hackett na moyo mgonjwa, nyuma ya mume aliyekuwa akimcheka, na hakuomba kushuka. Sikuona kitu, macho yangu yalikuwa mbele. Nusu ya kila mlima tuliowahi kupanda ilikuwa kazi yake. Sasa napanda peke yangu, na magoti yananiambia nusu hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani.

Nisamehe, Hilary. Ulisema unakanyaga, nami sikukuamini.

Unakumbukwa na mumeo Desmond; binti yako Bridget na mkweo Alun; mjukuu wako Tess; dada yako Noreen; na wenzako wote wa klabu ya Jumapili. Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiza.