Mshale wa mafuta na tete la Papa

Ijumaa, jua linaelekea nyuma ya milima. Upepo wa uwanda umetumwagia vumbi mchana kutwa, na ng'ambo ya ziwa, Burundi haionekani kabisa. Mikono yangu inanuka petroli. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia na bado inanuka. Kesho ni harusi ya yaya Furaha, dada yangu mkubwa.

Naandika upesi kabla hawajaniita tena kuchambua mchele.

Papa ana gari jeupe la zamani, lenye umri mkubwa kuliko Mama. Alilirithi kwa mjomba wake, na kila chuma chake kinachong'aa amekisugua kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa mtaani wanalijua kwa sababu linabeba mabibi harusi. Kadrani ya mafuta, ile saa ndogo yenye mshale mbele ya dereva, imelala tangu mwaka jana. Tangi lijae au liwe tupu, mshale uko chini kabisa. Papa hakujali. Hata ulipokuwa mzima hakuuamini. Ana tete alilolikata ufukoni miaka mingi iliyopita, akalichonga alama nne kwa kisu. Analichovya ndani ya tangi, analitoa, anatazama limelowa mpaka wapi, kisha anasema "tunafika" au "hatufiki". Hakuwahi kukosea.

Mpaka majuma matatu yaliyopita.

Alikuwa akimpeleka bibi harusi mmoja Kiringye. Asubuhi tete lilisema nusu tangi. Tulipopita Mutarule gari likakohoa mara mbili, likazima katikati ya jua la saa saba. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nimepakata keki. Wamama wa msafara wakashuka kwenye magari ya nyuma, yaliyojaa pomoni, kuja kutazama.

"Papa, gari yako iko na kwikwi ao iko na njaa?" mmoja akauliza, na wote wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwishowe bibi harusi alipanda moto, pikipiki ya kukodi. Aliondoka ameuma shela kwa meno lisiingie kwenye gurudumu. Papa alibaki amesimama na tete mkononi, analitazama kama mtu aliyedanganywa na ndugu yake.

Sasa wakimwona wanamwita Papa Tete. Barabarani anacheka nao. Nyumbani hacheki.

Na Kamanyola, kwa wakwe wa yaya Furaha, ni mbali kuliko Kiringye. Wakwe wamesema wataleta jeep. Jumatano, tukiwa tunakula, Papa akasema bila kuinua macho, "Furaha atapanda jeep ya bakwe. Minye nitakuja nyuma." Tangu yaya akiwa na miaka mitano Papa alikuwa akimwambia ni gari lile litakalomtoa nyumbani. Nilimwona akigeuza kijiko ndani ya sahani, akigeuza tu, bila kula.

Hapa ndipo ninapotaka kuungama jambo.

Mimi nilijua.

Nilijua vitu viwili. Cha kwanza, siku ile tulipopata petroli ya chupa, tukafikisha keki na kurudi kutoka Kiringye jioni, Papa alipowasha taa niliona mshale unashtuka. Kitu kilichokufa hakishtuki. Cha pili kilikuwa kigumu zaidi kukisema. Zile alama za tete Papa alizichonga kwenye nyumba yetu ya kwanza, kule chini karibu na maji, ambako kiwanja kilikuwa tambarare kama meza. Mwaka jana ziwa lilipanda likaingia mpaka vyumbani, tukahamia huku miguuni pa mlima. Huku gari linalala limeinua pua. Petroli yote inakimbilia nyuma, na mdomo wa tangi uko nyuma. Kwa hiyo tete linalowa kuliko inavyostahili. Mjini hapa haikuonekana, kwa sababu safari ni fupi na Papa anaongeza mafuta kila mara. Kiringye ilikuwa safari ndefu ya kwanza tangu tuhame.

Sikusema. Papa haongei habari za nyumba ile. Na mimi, nani asiyenijua? Mwaka huu wa mwisho mwalimu wa fizikia aliniita ubaoni, jibu ninalo, nikasimama kama nguzo mpaka akaandika sifuri. Sekondari nimemaliza, nangoja matokeo ya mtihani wa Serikali, lakini ile sifuri bado naikumbuka.

Leo asubuhi alikuja fundi Bahati, yule wa garaji ya karibu na soko. Aligonga kioo cha kadrani kwa ukucha.

"Hii imekufa, Papa. Iko lazima mutafute ingine ku Bujumbura. Kwa kesho, hapana."

Nilikuwa nimesimama na beseni la maji.

"Haijafa," nikasema.

"Nani ameongea?" Papa akauliza.

"Binti yako," fundi akacheka. "Weye, masomo ilikufundisha na magari?"

Nilimwomba Papa awashe taa. Akawasha. Mshale ukashtuka. Akazima, ukalala. Fundi akaacha kucheka, akanipa spana yake, ufunguo wa namba kumi. "Haya, fundi mudogo. Onyesha."

Nilimwomba Mama aondoe mbabula, jiko lake la makaa, nikafungua waya wa betri. Kisha, kwa kuwa mshale ni mzima na kosa liko kwenye nyaya zake, nikaingia nyuma kwenye buti na kufunua zulia. Juu ya tangi kuna kifuniko chenye nyaya mbili. Mmoja unapeleka habari kwenye kadrani. Wa pili umefungwa kwa buloni, yaani bolti, kwenye bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi, na ule ulikuwa umevimba kutu ya kijani na kahawia. Nilijua kutu ile imetoka wapi. Juma lile la kuhama, maji ya ziwa yalifika mpaka hapo.

Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikacheka. Nikakaza buloni, nikarudisha waya wa betri. Papa akazungusha ufunguo.

Mshale ukapanda polepole, kama mtu anayeamshwa asubuhi ya baridi. Ukasimama juu kidogo ya robo.

Mama alipiga vigelegele huko jikoni. Lakini Papa alishuka, akachukua tete lake, akalichovya. Limelowa mpaka nusu.

"Sasa Papa, unaamini nani?" fundi akauliza.

"Tete," Papa akajibu.

Ningeweza kunyamaza tena. Kutengeneza waya kulikuwa rahisi, waya hauna moyo wa kuumia. Nilitazama miguu yangu nikasema, "Papa, hizo alama ulikata kule kwetu. Kule palikuwa tambarare. Hapa gari inainua pua."

Papa alitazama mlima, kisha chini kuelekea ziwa. Akapanda gari, akaachia breki, gari likateremka lenyewe mpaka kiwanja cha mpira ambako ardhi imelala sawa. Nilikimbia nyuma yake na ndala mkononi. Akachovya tete pale.

Robo na kidogo. Sawasawa na mshale.

Alilipangusa tete kwenye suruali, upande huu, upande ule.

"Ulijua toka lini?"

"Toka Mutarule."

"Na ulinyamaza. Na minye bananicheka."

"Ndiyo, Papa."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa juu ya boneti, kisha akasema, "Enda ambia yaya yako, bakwe babakie na jeep yao."

Nilipanda kile kilima nikikimbia. Yaya alikuwa na rola nyweleni, mkono mmoja umepakwa rangi ya kucha. Nilimwambia. Akanikumbatia na ile rangi mbichi, ikabaki kwenye blauzi yangu. Sitaifua.

Papa amejaza tangi. Tete amelitia kwenye buti, hakulitupa, na sikutaka alitupe. Kesho sishiki keki. Amesema nikae mbele karibu naye, kazi yangu ni mshale. "Ukishuka, sema. Na useme kwa sauti, si ile yako ya kanisani."

Basi nimeenda nyuma ya nyumba kujaribu. "Papa, mafuta!" Mara ya kwanza hata kuku hakugeuka. Mara ya nne Mama aliitika kutoka jikoni, akidhani kuna anayeomba mafuta ya kupikia.

Nimesikika.