Mawe Unayoyafagia

Ufilipino, huku milimani

Mama yangu,

Nakuamkia kutoka mbali, na kichwa nimekiinamisha. Goti linasemaje siku hizi za mvua? Bado unakwenda kisimani mwenyewe, au Kiden amekushinda kwa ubishi? Mimi mwili ni mzima. Mkwe wako Rosa, yule muuguzi wa kambini Sudan aliyenileta huku kwao, naye mzima, na mjukuu wako ambaye hujamwona ameota meno mawili na anauma kila anachokishika. Mengine si mazuri, na nitayasema.

Kabla hujaendelea kusoma, Kiden dada yangu: kama katekista au mtu mwingine yeyote amekaa hapo, kunja karatasi hii. Mwambie kichwa kinakuuma. Maneno haya ni ya Mama na wewe tu.

Barua yenu imenifikia wiki iliyopita, baada ya kusafiri karibu miezi mitatu. Niliisoma nimesimama pale chini gari linapoishia, nikaisoma tena njiani, mpaka watu waliopita wakaniuliza kama nimefiwa. Unasema Baba Mdogo anataka shamba lote la kaka yake, kutoka kijito hadi barabara, na kwamba mjane asiye na kaburi la mume hana neno katika ardhi ya ukoo. Unasema mvua ikiisha wazee watakuja kuchimba hapo ulipowaonyesha, waone kama kweli Baba yumo. Na unaniuliza mimi niliyemzika: ni hatua ngapi kutoka jiwe la kusagia? Nitakujibu, Mama. Ila niache kwanza nikueleze mahali nilipo. Kusema kweli ninajivuta.

Uliwahi kuuliza kama huku kuna milima. Huku hakuna kingine. Wilaya yetu ni bonde moja refu na miteremko yake: chini kuna ofisi ya meya, kanisa, shule na soko la Jumamosi, vijiji vimening'inia huko juu, kila kimoja na njia yake ya miguu. Mvua kubwa ikija barabara inaporomoka na tunakaa wiki mbili tukila bila chumvi.

Milima yote imekatwa ngazi, kutoka mtoni hadi kwenye mawingu, na kila ngazi ni shamba la mpunga lenye maji. Kuta zake ni mawe matupu, hazina saruji, na nyingine zinanizidi urefu mara mbili. Hakuna mzungu aliyewafundisha wala serikali iliyowaamuru. Mababu zao walibeba jiwe mojamoja kutoka mtoni. Maji yanatoka msituni juu kabisa, yanashuka shamba hadi shamba, na ukimzibia mwenzako umegombana na ukoo mzima. Wanavuna mara moja kwa mwaka, na wanaovuna ni wanawake, shina mojamoja, kwa kisu kidogo kinachokaa kiganjani. Wewe ungewapenda. Hawana papara na hawamsamehe mvivu.

Lakini usidhani mwanao amepata. Shamba huku hurithiwa na mzaliwa wa kwanza, na Rosa ni wa nne. Mimi ni mbeba mawe. Ukuta ukibomoka naitwa, nashuka mtoni, napanda na jiwe mgongoni, na jioni napewa matita ya mpunga. Kuta zinabomoka kila mwaka, maana vijana wameshuka mijini na migodini, na ukuta usipoangaliwa miaka miwili unaanguka na wa chini yake. Mwaka huu kimbunga kimechukua ngazi saba upande wetu. Mzee mwenye mashamba alikuja kutazama, akaokota jiwe moja, akaliweka kando ya njia, akarudi kwake. Hakuna atakayezijenga tena. Sote tunajua.

Nyumba zao za zamani zimesimama juu ya nguzo nne, na kila nguzo ina kisahani cha mti cha kuzuia panya. Siku ya kwanza nilicheka, nikamwambia Rosa, "Kwenu watu wanalala ghalani?" Yeye hakucheka. Baadaye nilijua kwa nini. Humo ndani, au chini yake, ndimo wanamoweka wazee wao. Mtu anazikwa, miaka inapita, wanamfukua, wanaisafisha mifupa, wanaifunga katika blanketi lililofumwa kwa mkono, na mwenye nyumba anarudi nyumbani kwake. Akikasirika, mtu humo ndani anaugua. Basi wanamtoa, wanamchinjia nguruwe, wanazungumza naye vizuri, wanamrudisha.

Mama yake Rosa aliniuliza mapema, "Na baba yako yuko wapi?" Nikamjibu yale yale niliyokuambia wewe. Akakaa mwezi mzima akifuma blanketi jekundu lenye mistari myeusi, akanikabidhi. "Ukienda kwenu, mfunge na hili," akasema. Kila baada ya mavuno ananiuliza nitakwenda lini. Nasema mwakani.

Sasa zile hatua. Kaa chini, Mama. Sikumzika Baba.

Unakumbuka mwaka ule wa vita ulitangulia na wadogo zangu kuvuka mto Kaya kuingia Sudan, nami nikabaki naye kwa sababu ya mguu wake uliovimba. Asubuhi ya pili tulisikia bunduki upande wa Koboko mjini, halafu tukazisikia karibu. Nikambeba mgongoni. Tulifika kwenye mihogo tu, akalia kwa maumivu, akaniomba nimrudishe. Nikamkalisha kwenye kigoda chake, mgongo ukiegemea ghala. Akasema, "Lemi, wewe kwenda. Mguu hii haiwezi kukimbia. Mimi iko hapa hapa, utakuta mimi." Nikaenda. Alikuwa hai, Mama. Alikuwa amevaa lile koti lake kuukuu la jeshi, na alikuwa ananitazama. Niligeuka mara moja tu.

Nilipokufikia ng'ambo uliniuliza mbele ya watu wote, "Baba yako iko wapi?" Mdomo wangu ukasema amekufa alfajiri, nimemzika nyuma ya nyumba, nimeweka na mawe juu. Ukalia, ukanishika mikono yote miwili, ukaniambia nimekuwa mwanamume. Baada ya hapo ningesema nini? Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha Ufilipino. Vita vilipokwisha mkarudi kwetu Ludara mkaniita, nilisingizia ndoa. Rosa hakunizuia hata siku moja. Niliogopa utanishika mkono uniambie, twende ukanionyeshe.

Na yale mawe. Kiden aliyaandika maneno yako kama ulivyoyasema: "Majani ilikuwa imefunika yote, lakini mimi napata mawe yake ine, kubwa, moja kila kona. Baba yako iko pale. Mimi nafagia yeye kila asubui." Mama, miaka hii nimeshika mawe mengi kuliko chakula. Mawe manne, moja kila pembe, ni miguu ya ghala letu. Nguzo zilikaa juu yake. Nilimsaidia Baba kuyaviringisha kutoka kijitoni, nawe ulitukemea kwa kukanyaga ufuta wako. Ghala limeoza au limechomwa, mawe yamebaki. Unasema Baba Mdogo alisimama pale akawaambia wazee, "Hii si kaburi. Hii mawe tu." Amesema kweli bila kujua, na naona aibu hata kuandika hivyo.

Nilifikiri nikutumie hili blanketi ulifukie pale kabla hawajaja. Nililikunja kabisa, nikalifunga kwa kamba. Halafu nikakuona umesimama mbele ya wazee, wanalifungua, halina kitu. Nikafungua kamba.

Kwa hiyo waambie kabla hawajachimba: mwanangu alinidanganya. Aibu iwe yangu. Sidhani itakusaidia, shamba watalichukua tu, na mimi sina pa kukuweka huku wala njia ya kuja. Tena barua hii ikitembea kama yenu ilivyotembea, mvua itakuwa imekwisha na jembe limeshapita. Nimezihesabu wiki mara nyingi. Hazitoshi.

Nisalimie mjomba wa Arua, fundi baiskeli, ambaye sanduku lake la posta ndilo linalotukutanisha. Nisalimie shangazi mfinyanzi. Mwambie chungu chake kidogo nilikivunja kambini na sijawahi kukiri, basi leo nakiri vyote. Jirani yetu aliyeolewa kutoka Ajia, aliyekugawia mbegu mliporudi, mwambie asante. Hata Baba Mdogo msalimie. Sina haki ya kumkasirikia.

Kiden, usimwache peke yake leo.

Na kesho asubuhi, Mama, usifagie tena pale.

Mwanao,
Lemi