Mama Mdogo Ananiita Mwalimu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, maana hili nimelizungusha kichwani hadi nimechoka nalo. Nimesoma hesabu chuoni, naishi Bombambili, na kila Jumamosi nafundisha watu wanaoanza kabisa kuandika programu za kompyuta, katika chumba tulichopewa na parokia, kwa kutumia Julia, lugha ya kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi za namba (mume wa mwanafunzi mmoja alishauliza huyu Julia ni nani anayemchelewesha mke wake), na mwanafunzi niliyejivunia kuliko wote ni mama yangu mdogo Kunegunda, fundi wa sare za shule pale Mfaranyaki, aliyenilea.

Jumamosi moja alikuwa anaingiza vipimo vya watoto, kila mtoto na mstari wake, kifua, kiuno, urefu, ili kompyuta imwambie kitambaa kitakachotosha, lakini mtoto mmoja alikuwa hajapimwa urefu, naye akaacha nafasi wazi kama anavyofanya dukani, kompyuta ikakataa na kujaza maandishi mekundu, Zabibu aliyekaa jirani yake akacheka kwamba leo fundi kasahihishwa kwa kalamu nyekundu, na mimi, sijui niliingiwa na nini, nikakivuta kibodi chake upande wangu, nikaandika sifuri pale palipokuwa wazi, programu ikaenda, nikasema mbele ya wote, “Mama mdogo, hili si nimeshaeleza?”

Akajibu, “Sawa, mwalimu.”

Tangu hapo haji darasani, Zabibu na wenzake wanasema wanamsubiri yeye, na nikimwamkia ananijibu, “Marahaba, mwalimu,” wakati maisha yangu yote ameniita “mwanangu”. Nafikiria kuandaa somo refu kuhusu makosa yote yanayowezekana, ili yasimpate mtu tena. Nianze na lipi?

Mwalimu Asiye na Darasa, Bombambili

Leticia anajibu:

Pole, binti. Nimecheka kwa ajili ya Julia, kisha nikakukasirikia.

Hilo somo refu liache. Mama yako mdogo hakukimbia maandishi mekundu, amekimbia mikono yako. Mtu aliyekufungia kamba za viatu unamnyang'anya kibodi mbele ya Zabibu?

Na hiyo sifuri yako nimeifikiria sana, mimi ambaye hata kompyuta naiogopa. Umeiambia mashine kwamba kuna mtoto hana urefu. Sasa atashonewa nini, kola peke yake? Kunegunda aliacha wazi kwa sababu hajui, na kutojua si sawa na sifuri. Kosa lake mashine ililisema. La kwako ililipokea kimya, na hilo ndilo lingefika kwenye mkasi.

Kwa hiyo panda bodaboda leo uende Mfaranyaki. Acha kompyuta nyumbani. Mwamkie, kaa kwenye kigoda, mwombe radhi kwa kumnyang'anya, kisha mwambie habari ya sifuri. Jumamosi uirudie mbele ya darasa zima, Zabibu akiwepo, akucheke na wewe. Halafu mwulize mama yako mdogo wamfanyeje mtoto ambaye hajapimwa, na kibodi abaki nacho yeye. Wewe shika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, na usikiweke chini hata skrini ikiwa nyekundu yote.

Akikuitikia, “Marahaba, mwanangu,” usianze kueleza chochote. Kunywa chai yako.