Goti la Zawadi na Mkono wa Baba

Ndugu yangu Yohana,

Barua yako imenikuta hapa Bondeni wiki tatu baada ya kumzika baba. Unaandika kwamba mzee hayupo tena, kwa hiyo sasa unaweza kusema ukweli. Unajua kuchagua wakati.

Umeeleza kana kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemletea baba uji kwenye banda la farasi, kule shambani Njoro, asubuhi ile daktari wa mifugo alipokuja kumtazama Zawadi, farasi wa mbio. Wewe ulimbebea sanduku la dawa, umevaa koti jeupe lililokuzidi mabega, na baba alikutazama kwa fahari mpaka uji ukapoa. Goti la mbele la Zawadi lilikuwa limevimba. Daktari akanyoa manyoya, akapaka spiriti, akachoma sindano ndani ya kiungo chenyewe. Kotisoni, ulituambia, dawa mpya kutoka Ulaya. Kisha akaongea na Bwana, mwenye shamba, kwa Kiingereza, muda mrefu, akionyesha lile goti. Baba akakuuliza anasema nini.

"Anasema dawa ni kali, baba. Atapona."

Kumbe alisema farasi asipandwe mwezi mzima. Kumbe alisema dawa ile huzima moto na maumivu tu, ubovu wa ndani unabaki palepale. Unasema Bwana alikukata jicho, nawe ukaelewa kwamba baba, saisi wake mtunza farasi, hatakiwi kujua. Umeyaandika yote haya kwa mwandiko mzuri sana.

Unakumbuka kiganja cha baba? Kila asubuhi alishika goti moja, halafu lingine, amefumba macho, na Bwana hakutoa farasi mpaka saisi wake aseme. Kiganja hichohicho kilitupima homa sisi watoto. Mama alikuwa akisema hospitali yetu inalala humu ndani.

Siku ya tatu baada ya sindano, goti la Zawadi lilikuwa baridi. Bwana aliuliza na baba akajibu alichokishika: halina moto. Jumamosi Zawadi akapelekwa kwenye mashindano ya mbio Nakuru, na kwenye kona ya mwisho mguu ukavunjika. Alipigwa risasi palepale uwanjani. Baba alirudi amebeba hatamu begani na hakula.

Jumatatu Bwana alimsimamisha mbele ya watu wote wa shamba. "Wewe ulisema halina moto," akamwambia. Alijua vizuri alichoambiwa na daktari, ila alitaka mtu wa kumtwika lawama. Nawe ulikuwa hapo na sanduku lako, Yohana, unaangalia viatu vyako.

Unasema ungepoteza kazi. Pengine. Baba aliipoteza yake, tukapewa siku mbili tuhame, mahindi yetu yakiwa bado mabichi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe ulichuma, ukatuachia sufuria nzima, ukaenda zako Nairobi na daktari wako.

Lakini shamba nimeshalisamehe. Sisamehe ulichokifanyia kile kiganja. Tangu siku ile baba hakumpima mtu tena. Mtoto wangu wa kwanza alipochemka homa nilimpelekea, na yule mzee akaficha mikono ndani ya koti. "Mpeleke kwa mama yako," akasema. "Mkono wangu ulishaua farasi." Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Nilimbishia miaka na miaka. Nilimwambia ni sindano ile iliyouficha moto, mkono wake haukukosea. Mimi sikuwa na Kiingereza, nilikisia tu, na nilikisia sawa. Kila mara alinikatiza kwa maneno yaleyale, hata wiki ile ya mwisho, akiwa hawezi kuinua kikombe:

"Ingekuwa ni dawa, Yohana angeniambia. Alikuwa palepale."

Kati ya mkono wake na wewe, alikuamini wewe.

Unauliza kama unaweza kuja kumwekea msalaba. Njoo, ni baba yako pia, na mlangoni kwangu sitakufungia. Uji utakunywa. Ila kabla hujaingia, pitia kaburini umsomee barua yako, yote, kwa sauti, kwa Kiswahili. Safari hii usiruke neno.

Ni mimi dada yako, niliyebaki naye.