Zamu ya Denise ya Kupiga Servisi

Denise wangu,

Sijui barua hii nitaipeleka wapi. Shangazi yako aliniambia kaburi lako liko kando ya barabara, kabla ya kuingia Komanda, lakini sijaliona. Malori yanayokwenda huko bado yanasimamishwa kwenye vizuizi, watu wanaulizwa majina na kabila, na mtu wa kabila langu hapiti. Kwa hiyo nakuandikia hapa chuoni, kwenye ngazi za oditwari, ukumbi wetu wa masomo, zinazotazama uwanja, pale ulipokuwa unavulia viatu. Niko peke yangu. Siku hizi karibu kila mahali niko peke yangu, hata nikiwa na watu.

Bunia imetulia kidogo. Chuo kimefunguliwa. Mabenchi yalichomwa kupikia, basi tunasikiliza masomo tukiwa tumekaa juu ya matofali, na mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza kwa sababu hatumsikii. Nyumba yenu wamechukua mabati yote. Nilipita pale mara moja, nikaona mpapai wenu umezaa na hakuna aliyechuma, nikageuka nikarudi. Sikuweza kuchuma.

Filé yetu, ule wavu wa voleboli, ipo. Siku ile ya kukimbia, wakati ninyi mlishika njia ya kusini na sisi tukaelekea uwanja wa ndege, watu walibeba magodoro na sufuria, mimi nikabeba filé kichwani. Mama alinitukana njia nzima: "Watoto ya wenzangu iko nabeba unga, weye uko nabeba filé." Lakini kambini ndiyo iliyofunga shitingi yetu, turubai tulilolala chini yake, upepo usiichukue, na mama akaacha matusi. Chuo kilipofunguliwa niliifua, nikaifunga tena kwenye nguzo zetu. Imejaa mafundo. Lile fundo lako kubwa la katikati, tulilokuchekea kwamba ni la kufungia mbuzi, halijalegea.

Tulirudi watano badala ya sita. Asistanti, mwalimu wetu wa michezo, alituhesabu kwa macho, akaniangalia mimi, na mimi nikasema tutacheza hivyo hivyo. Unajua kwa nini. Ilikuwa amri yako. Vita ilipoanza kukata mitaa, msichana mmoja akishindwa kuvuka kuja mazoezini, Asistanti alitaka kuingiza mwingine, ukakataa. Ulisema: "Mumutunzie nafasi yake, atakuja." Tukaiacha nafasi wazi, ikazunguka nasi kama mchezaji. Na zamu yake ya kupiga servisi ilipofika tuliwapa wapinzani mpira pamoja na poini, kwa kuwa mwenye zamu hayupo. Wa vyuo vingine walituona wendawazimu. Lakini yule msichana aliporudi, awe wa kabila gani, alikuta mahali pake hapajakaliwa na mtu. Makabila yetu yalikuwa yanauana huko nje, na sisi kwenye uwanja wetu tulikuwa tunatunziana nafasi.

Basi nikakutunzia. Sikujua kama uko hai, na mtu akiniuliza nilimjibu kwa maneno yako, kwamba utakuja. Wewe ndiye uliyekuwa unanipasia mpira. Bila pasi zako mkono wangu haukuwa na kazi, nilikuwa naruka na kupiga hewa, na mpira unaangukia pale kwenye pengo lako. Tulishindwa kila mchezo.

Kisha shangazi yako akaja. Alikaa kwenye ukuta wetu mdogo wa nje, akakataa chai, akasema: "Denise alituachaka njiani. Ilikuwa homa tu. Hatukupata hata kidonge." Homa tu, Denise. Wewe uliyepita katikati ya risasi na kapu la viazi kichwani. Nilimsindikiza hadi njia panda, nikarudi nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Baada ya hapo nilipaswa kuacha. Kutunza nafasi ni kungoja mtu, na mimi nilishajua kwamba huji. Lakini sikuacha. Kuna msichana wa mwaka wa kwanza, Solange, familia yake imekimbia kutoka upande wa Djugu. Mrefu, msemaji, na ana mikono laini ya pasi, hilo lazima nikubali. Aliniomba aingie, nikakataa. Akaomba tena, nikamjibu vibaya mbele ya watu. Asistanti akaniita pembeni akaniambia bila ukali kwamba mashindano ya vyuo yanarudi, timu ya watano haitaandikwa, na tusipokuwa sita klabu yetu inafungwa. Akaniachia mimi niamue, kwa kuwa sasa kapteni ni mimi. Nililia kwa hasira. Nilimchukia Solange, nilimchukia Asistanti, na wewe pia nilikuchukia kidogo kwa kuniachia amri ambayo haina mwisho.

Jumamosi tulicheza na wasichana wa chuo cha uuguzi, mchezo wa kirafiki, watano dhidi ya sita. Watu walikuja wengi, kumbe mji una kiu ya kutazama kitu kisichotisha. Tulikuwa nyuma tangu mwanzo. Kisha ikafika zamu yako ya kupiga servisi, nyuma ya mstari. Nikaokota mpira, nikausukuma chini ya filé kuwapa, kama kawaida.

Kapteni wao akauzuia kwa mguu. Simfahamu, nasikia ni wa Gety. Aliuliza zamu ni ya nani. Nikataja jina lako. Akauliza uko wapi, na mmoja wetu akamwambia. Akauokota mpira, akaja mwenyewe hadi nyuma ya mstari wetu, akauweka chini pale unaposimama. Akarudi upande wake. Akasema:

"Apige. Siye tutamungojea."

Wote sita wakainama, mikono tayari, wakiangalia pale ambapo hapakuwa na mtu. Nikakuona, Denise, unavyofuta kiganja kwenye paja na kuuambia mpira, "Enda, usinipatishe haya," halafu unaupiga kwa mkono wa chini na unaishia kwenye filé. Daima kwenye filé. Miaka yote hiyo servisi yako tuliiita sadaka kwa wapinzani. Nilisema maneno yako kwa sauti ndogo, mimi badala yako.

Kapteni wao akageuka, akatazama nyuma yake, karibu na mstari wa mwisho, kama mtu aliyepitwa na mpira. Akainua mkono.

"Imeingia. Poini ni yenu."

Asistanti akaiandika. Tulishindwa mchezo, lakini poini hiyo ipo.

Watu walipoondoka nilibaki nafungua filé, na Solange akaja kunisaidia bila kuitwa. Nikamwambia Jumamosi ijayo asimame mahali pako. Nikamwambia pia asijaribu kupasia kama wewe, apasie kama yeye. Nimemwonyesha ngazi ya kuvulia viatu. Ngazi iliyo kando yake, hii niliyokalia sasa, sijamwonyesha. Hapa tulikuwa tunakaa wawili, na bado sijazoea upana wake.

Sitakungoja tena uwanjani, mwenzangu. Njia ikifunguka, ni mimi nitakayekuja. Nitamwomba shangazi anionyeshe mahali, na nitakuletea kile kipande cha filé chenye fundo lako la mbuzi, tutaziba pengo lake kwa kamba nyingine. Lala sasa. Ulitaka sana kuiona siku ambayo servisi yako itavuka filé, basi jua kwamba iliingia.

Kapteni wako,
Riziki