Msitoe Ufunguo wa Chumba cha Nyuma

Wanangu,

Chai imo kwenye chupa. Mpangaji mpya akija, msimpe ufunguo, hata akiwabembeleza. Asubuhi nilikwenda kufagia kile chumba, nikakuta dari imeanguka yote juu ya kitanda. Leo angelala hapo na mtoto wake mchanga.

Juzi fundi alisema, "Mama, paa linavuja, tuzibe kwanza." Nikamwambia apake rangi tu, mgeni anangoja. Rangi ilipendeza kweli.

Nilikaa mlangoni pale, hata kulia sikulia.

Msiingie mle. Na wewe kitinda mimba, usijifanye fundi.

Nimemfuata fundi nikamwombe radhi. Baba yenu akiuliza, ~~mwambieni fundi kaharibu~~ mwambieni ni mimi.

Mama yenu